Kihisi cha uchungu: tathmini ya wiki 13 tumboni

Kuanzia ujauzito wangu wa pili ulipofika wiki ya 25 hadi siku niliyojifungua katika wiki ya 38, nilikuwa nikibandika chini ya kitovu kifaa kisichozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambacho kazi yake ni kuhesabu mikazo ya tumbo la uzazi na kuipeleka hesabu hiyo kwenye simu. Dada yangu anayeishi Marekani alikikodi kwa jina lake, akakituma Mwanza ndani ya begi la mtu aliyekuwa anakuja likizo, pamoja na pakiti za vibandiko vya gundi ambavyo hutumika mara moja na kutupwa. Kampuni sitaitaja, kwa sababu sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa inahusu aina nzima ya vifaa hivi, na sipendi msomaji adhani kwamba akichukua cha kampuni nyingine atakuwa amelikwepa tatizo.

Nieleze kwanza kwa nini nilikitaka, maana bila hilo tathmini hii haieleweki. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti, akiwa na wiki 33. Siku mbili kabla ya hapo kiuno kilikuwa kikiniuma kwa vipindi, na tumbo likawa zito upande wa chini, lakini mimi ni mhasibu na tulikuwa tunafunga hesabu za mwisho wa mwaka, kwa hiyo nikasema ni kiti. Nilipofika hospitali njia ilikuwa tayari imefunguka sentimita sita. Nilichomwa sindano ya kwanza ya dexamethasone, ile dawa inayosaidia mapafu ya mtoto kukomaa, na mtoto akatoka kabla ya ya pili. Dozi kamili huwa ni sindano nne za miligramu 6, moja kila baada ya saa 12, maana yake kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni saa 36. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano ulikofanyika, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya watoto wanaozaliwa mapema, mradi umri wa mimba unajulikana vizuri na hospitali ina uwezo wa kuwahudumia mama na mtoto. Kwa hiyo mara hii nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kifaa cha kunipa saa 36 nilizozipoteza mara ya kwanza.

Namna kinavyofanya kazi ni jambo la kuvutia, na hapo sina budi kukisifu. Mkanda unaofungwa hospitalini kupima mikazo huwa na kidude kinachobonyezwa na tumbo linapokaza, yaani hupima msukumo kutoka nje, na kwa mama mwenye tumbo nene au anayegeuka geuka hupoteza habari kirahisi. Kihisi cha kubandika hakisubiri tumbo lisukume. Kina elektrodi zinazogusa ngozi na kusikiliza umeme mdogo sana unaozalishwa na misuli ya mji wa mimba inapojikaza, kwa kanuni ileile inayotumika kupima umeme wa moyo. Kwa kuwa umeme huo ni dhaifu na umechanganyika na ule wa moyo wa mama na wa misuli ya tumbo, kazi kubwa hufanywa na programu, ambayo inachuja kelele na kuacha kile inachoamini kuwa ni mkazo. Kwenye simu unaona mstari ulalao ambao hupanda taratibu kama kilima, ukakaa juu kwa muda wa nusu dakika au zaidi, kisha ukashuka.

Kwa kuwa kazi yangu ni kulinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki, nilifanya hivyo hivyo. Niliweka daftari la mistari kando ya kitanda na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na kila nilipohisi tumbo linakaza niliandika saa na dakika bila kuangalia simu. Usiku mmoja wa wiki ya 27 daftari lilikuwa na mikazo tisa, simu ilikuwa na kumi na mmoja, na iliyokubaliana kwa dakika ilikuwa minane. Huo mmoja wa daftari uliokosekana kwenye simu ulitokea nilipokuwa nageuka upande, na ile mitatu ya ziada ya simu ama ilikuwa ya kweli nami nilikuwa nimesinzia, ama ilikuwa ni mtoto anajinyoosha. Kwa kulala kitandani, nilikiri kwamba kinajua kuhesabu. Nje ya kitanda ni habari nyingine. Siku niliyosahau kukibandua asubuhi, safari ya daladala kutoka Nyegezi hadi mjini ilihesabiwa kuwa mikazo mitano, na nina hakika kwamba angalau miwili kati ya hiyo ilikuwa matuta ya barabarani. Maelezo yake yanasema wazi kwamba kivaliwe mama akiwa amepumzika, kwa hiyo kosa hilo ni langu, ila sioni mama gani wa Mwanza anayepumzika kabla ya saa tatu usiku.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kukaa nasi mimba ilipofika miezi saba, alikitazama siku ya kwanza bila kusema neno. Siku ya pili akaniuliza, "Mwanangu, hicho kinalijua tumbo lako kuliko wewe?" Kisha akaweka mkono wake juu ya khanga, akatulia, akasema, "Haya, limekaza." Nikaangalia simu, mstari ulikuwa bado umelala. Ulianza kupanda baada ya pumzi mbili tatu, kwa sababu programu husubiri kidogo ili ijiridhishe. Hakusema kitu kingine, alikwenda zake jikoni, lakini kuanzia siku hiyo nilijifunza kuuweka mkono wangu mwenyewe pale alipouweka yeye, karibu na juu ya tumbo, na kutofautisha ugumu wa mkazo, ambao hulishika tumbo lote kama mpira uliojazwa upepo, na ule uvimbe wa upande mmoja ambao ni mgongo au makalio ya mtoto.

Jaribio kubwa lilikuja wiki ya 31. Saa nane usiku simu ilitetemeka na kunionyesha kwamba nilikuwa nimepata mikazo sita ndani ya saa moja. Daftari langu lilikuwa na mitano. Nilikunywa maji, nikalala kwa ubavu wa kushoto, nikasubiri, na saa iliyofuata ikaja na mingine sita. Programu ilinishauri, kwa Kiingereza, nimpigie daktari wangu au namba ya dharura ya Marekani. Hiyo ni kasoro ambayo si ndogo: mama aliyeamka usiku kwa hofu hana nafasi ya kutafsiri, na namba aliyopewa haimfikishi popote. Namba ambayo mjamzito wa Tanzania anapaswa kuwa nayo ni 115 ya mfumo wa m-mama, ambayo hupigwa bila malipo na huita usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Nilikuwa nimeiandika juu ya jalada la daftari, lakini usiku ule jirani mwenye gari alitupeleka.

Hospitalini, mkunga aliyekuwa zamu hakuiangalia simu. Alisema, "Mama, lala tukuone," akaweka mkono tumboni kwa dakika kumi akiangalia saa ya ukutani, akahesabu miwili. Daktari akapima mlango wa kizazi, akaukuta umefunga na haujafupika. Kipimo cha mkojo ndicho kilichoonyesha maambukizi, jambo ambalo linajulikana kusababisha tumbo kukaza na ambalo lisipotibiwa linaweza kuleta uchungu wa mapema kweli. Nilipewa dawa, nikalazwa hadi mchana, nikarudi nyumbani. Nilipomwonyesha daktari vilima vyangu vya kwenye simu, alivitazama kwa adabu, akanirudishia, akasema kwamba mikazo haimwambii kitu mpaka ajue mlango unafanya nini.

Je, kihisi kilifanya kazi yake usiku ule? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Kilinitoa kitandani, na maambukizi yakatibiwa mapema kuliko ambavyo yangetibiwa nikisubiri kliniki ya wiki mbili baadaye. Lakini hakikugundua maambukizi, wala hakikugundua uchungu wa mapema, kwa sababu haukuwapo. Kilichofanya ni kuhesabu hadi sita, na mimi nikajaza mengine kwa kumbukumbu ya mtoto wangu wa kwanza. Mama ambaye hana historia kama yangu angeweza ama kupuuza, ama kwenda hospitali mara kumi bila sababu.

Nilipotoka pale nilianza kusoma, na niliyoyakuta yalinishangaza kwa sababu si mapya. Kuhesabu mikazo nyumbani kwa ajili ya kuwahi uchungu wa mapema kulishamiri Marekani tangu miaka ya 1980. Wakati huo mama alifungwa mkanda wa msukumo saa kadhaa kwa siku, na taarifa zikapelekwa kwa wauguzi kupitia waya wa simu. Mwaka 1998 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililohusisha wanawake 2,422 waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema, wakiwamo 844 wenye mapacha. Kundi moja liliwasiliana na muuguzi mara moja kwa wiki, la pili kila siku, na la tatu kila siku pamoja na kuvaa kifaa. Kujifungua kabla ya wiki 35 hakukutofautiana kati ya makundi hayo, isipokuwa kwamba waliovaa kifaa walikwenda hospitali mara nyingi zaidi bila miadi na kupewa zaidi dawa za kutuliza mikazo. Miaka minne baadaye, mwaka 2002, jarida hilohilo likachapisha utafiti uliokusanya saa 34,908 za kumbukumbu kutoka kwa wanawake 306. Ulikuta kwamba ni kweli wanaojifungua mapema huwa na mikazo mingi kidogo kuliko wengine, lakini tofauti hiyo haitoshi kumtambua nani atajifungua mapema na nani hatajifungua. Ulikuta pia kwamba kwa wanawake wote mikazo huongezeka kadiri mimba inavyokua, na huwa mingi zaidi kati ya saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Nilifungua daftari langu nikaona jambo hilohilo kwa mwandiko wangu: kurasa za mchana zilikuwa karibu tupu, na za saa tano usiku zimejaa.

Haya yote yanaelezwa, kwa maneno laini, katika karatasi ndogo iliyokuja ndani ya boksi, iliyosema kwamba kifaa hakikukusudiwa kutambua uchungu wa mapema wala kuchukua nafasi ya mtaalamu. Tangazo lililomfanya dada yangu akikodi lilikuwa na picha ya mama aliyelala usingizi wa amani. Mimi husoma maandishi madogo kwa ajili ya mshahara, na bado niliyasoma nikiwa nimeshabandika. Ningependa maneno ya karatasi ile yachapishwe juu ya boksi, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la kampuni.

Mengine niyapitie haraka. Betri ilikuwa nzuri, usiku mzima na zaidi, na hata umeme ulipokatika siku mbili mfululizo nilikichaji kwenye pawabenki. Kibandiko kilinyanyuka pembeni kila joto lilipozidi, kikaacha mraba mwekundu unaowasha, nami nikalazimika kukihamisha kulia na kushoto usiku kwa usiku. Vibandiko vilipokaribia kwisha niliandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwamba hawatumi nje ya nchi yao, hivyo wiki mbili za mwisho nilikibandika usiku mmoja, nikaacha mmoja. Kuhusu gharama, dada hakutaka kuniambia, na nilipoitafuta mwenyewe nilikuta kwamba kodi ya miezi mitatu inazidi mshahara wangu wa mwezi mmoja.

Rafiki zangu wawili waliuliza kama si bora kununua ile Dopla ndogo ya mkononi inayouzwa mtandaoni, ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto nyumbani. Kwa hilo jibu langu ni fupi: hapana. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2014 dhidi ya kuitumia nyumbani bila mtaalamu, na kuna hatari nyingine iliyo rahisi kuielewa, kwamba mama asiyefundishwa anaweza kusikia mapigo yake mwenyewe au mvumo wa kondo la nyuma, akatulia, wakati mtoto ameacha kucheza tangu jana. Ukiona mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali.

Sasa nifike siku yenyewe. Wiki ya 38, saa kumi na moja alfajiri, kihisi kikiwa kimebandikwa vizuri na mstari umelala kimya tangu saa nane, nilisikia kitu kama uzi unakatika, na godoro likalowa. Chupa ilikuwa imepasuka. Niliitazama simu kwa udadisi kabla hata ya kumwamsha mume wangu: hakuna mkazo hata mmoja. Na kweli haukuwapo, mikazo ilianza saa tatu baadaye nikiwa tayari wodini. Kifaa hakikukosea kabisa. Ni kwamba uchungu una milango mingi ya kuingilia, na chenyewe kilikuwa kinalinda mmoja. Maji yanayochuruzika, damu, kiuno kinachouma kwa vipindi, uzito unaosukuma chini, haviko kwenye mstari ule. Mara ya kwanza mimi nilianza kwa kiuno.

Leba nilifungwa kifaa kingine, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndicho kilichobadilisha mawazo yangu juu ya vihisi. Kinaitwa Moyo, jina la Kiswahili ingawa watengenezaji, Laerdal Global Health, wako Stavanger, Norway. Kina kihisi cha Dopla kinachofungwa kwa mkanda tumboni na kioo kidogo kinachoonyesha mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo. Mapigo ya kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na yakitoka nje ya hapo kifaa hulia. Mkunga akiwa na shaka kwamba kinasoma mapigo ya mama, mama huweka vidole vyake juu ya kifaa na mapigo yake yanasomwa peke yake, hivyo ya mtoto hayachanganywi. Kabla ya hapo niliwahi kufahamu pembe ya Pinard tu, ile iliyobuniwa na daktari wa Ufaransa mwaka 1895, ambayo mkunga huiweka tumboni na kuinamisha sikio. Ni chombo kizuri na hakihitaji umeme, ila husikiliza dakika moja, kisha mkunga huenda kwa mama mwingine, na katika wodi yenye akina mama wengi na wakunga wawili, dakika hizo huwa mbali mbali.

Moyo haukuniambia lolote kuhusu mikazo, wala haukusudiwi kugundua uchungu. Lakini ulipolia mara moja, alikuwapo mtu wa kuusikia. Mkunga alikuja, akanigeuza ubavu, akasubiri mapigo yapande, akaandika. Kule kitandani kwangu Nyegezi, simu ilipotetemeka, mtu wa kuisikia alikuwa mimi na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia. Vifaa vya aina hii vimetumika Tanzania ndani ya mpango wa Safer Births uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano, Mwanza ukiwamo pamoja na Manyara, Tabora, Geita na Shinyanga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, nayo yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya siku ya kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Sidai kwamba ni kifaa kilichofanya hivyo, kwa sababu mpango ule ulikuwa na mafunzo ya mara kwa mara ya wakunga pale pale kazini, na nadhani hata watengenezaji wasingedai.

Kuna vihisi vingine vinavyokuja ambavyo ningependa kuviona hapa: vile laini, visivyo na waya, vinavyobandikwa kifuani, tumboni na kwenye kiungo cha mama, vikapima kwa pamoja mikazo, mapigo ya mama na ya mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walivijaribu Chicago na Lusaka, Zambia, wakachapisha mwaka 2021. Vitu kama hivyo vikiwa mkononi mwa mkunga, katika kituo ambacho mlango wa kizazi unaweza kupimwa na dexamethasone ipo kabatini, nitavisifu bila kusitasita.

Kwa hicho nilichokikodi, ninamshauri mama aliyewahi kujifungua njiti, mwenye uwezo wa kukilipia bila kukopa na anayeishi karibu na hospitali, akichukue akijua kwamba anachopata ni hesabu ya mikazo na si zaidi. Asiye na historia hiyo asijisumbue. Na aliye mbali na hospitali, fedha hizo aziweke akiba kwa ajili ya usafiri na kipimo cha ultrasaundi cha mapema, kwa kuwa umri wa mimba ukijulikana kwa uhakika hata sindano zile daktari atazitoa kwa kujiamini.

Kifaa kilirudi Marekani na msafiri mwingine, na mraba tumboni ulikwisha baada ya mwezi. Wifi yangu, ambaye mimba yake ina wiki 22, alikuja juzi kuniuliza kama bado ninacho. Nilimpa daftari, lenye kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa na 115 juu ya jalada, na mama mkwe akamwonyesha pa kuweka mkono.